Ndoa Inapovunjika, Watoto Wasivunjike

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Kigera, Musoma



Wapendwa wenyeviti wa jumuiya, makatekista, akina mama na akina baba,

Tumeombwa kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tungependa lisitajwe kanisani. Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mama mmoja alitujia mara tatu akiwa na majeraha usoni. Mara zote tatu tulimhimiza avumilie, tukasali naye, tukamrudisha kwa mumewe. Mara ya nne hakuja kwetu. Alirudi kwa wazazi wake peke yake. Ukoo wa mume ulisema, "Ng'ombe tulitoa, watoto ni wetu." Mdogo wao alikuwa bado ananyonya. Hatukuwa na jibu. Ndipo tulipotambua kwamba uvumilivu tulioufundisha tulikuwa tumeudai kwa mtu mmoja tu.

Kanisa lasemaje?

Kifungo cha ndoa ya Kikristo hakifunguliwi na mahakama ya serikali. Hilo halibadiliki. Lakini kanuni ya 1153 ya Sheria za Kanisa inakubali kwamba mwenzi anayehatarisha vikali mwili au roho ya mwenzake, au ya watoto, anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Tena Katekisimu, namba 2383, yafundisha kwamba talaka ya kiserikali inaweza kuvumiliwa, wala si kosa la kimaadili, ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi. Aliyepata talaka ya namna hiyo, naye hajaingia katika ndoa nyingine, asifukuzwe mezani pa Bwana.

Sheria ya nchi yasemaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiharakishi talaka. Kwanza, shauri lipelekwe kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza lisipofaulu kuwapatanisha wanandoa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo. Bila hati hiyo mahakama kwa kawaida haipokei ombi la talaka, na hati isiwe imepita miezi 6. Wako wanaosamehewa hatua hii, kwa mfano aliyetelekezwa na mwenzi asiyejulikana aliko. Ndoa isiyotimiza miaka 2 huhitaji kwanza kibali cha mahakama. Baada ya hapo shauri laweza kufunguliwa hata katika Mahakama ya Mwanzo, na mwombaji atapaswa kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Kuhusu watoto, kifungu cha 125 chaweka ustawi wa mtoto mbele ya yote. Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo. Mahakama husikiliza pia matakwa ya wazazi, na ya mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kutoa maoni yake. Mila za jamii hutazamwa, lakini hazitawali. Kwa hiyo ng'ombe wa mahari si hati ya kummiliki mtoto. Na baba asidhani kwamba mtoto akikaa kwa mama, wajibu wake wa matunzo umekwisha. Sheria yamdai popote mtoto alipo. Vilevile mama asimfiche mtoto, kwani mahakama yaweza kuamuru baba apewe nafasi ya kumwona.

Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani ilitamka mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Jembe, kuni na maji aliyoyachota ziwani visihesabiwe kuwa si kitu.

Msaada upatikane wapi?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 yawatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa hawamsimamii mtu mahakamani, wala hawaruhusiwi kumtoza malipo. Huelimisha, huelekeza, na husaidia kuandaa maelezo. Waulizeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Viongozi wapendwa, tunawaomba mambo haya. Mama au baba anayepigwa msimrudishe hatarini. Mpelekeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mkumbusheni kutunza cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Msindikizeni barazani, maana wengi hushindwa kwa kuogopa kwenda peke yao. Na siri yake isiwe habari ya kisimani.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Tusuluhishe kila ndoa inayoweza kusuluhishwa, kwa subira na kwa sala. Lakini pale nyumba inapowaka moto, tusisimame mlangoni tukihubiri uvumilivu. Tuwatoe watoto kwanza.