Dhamana ya Aliyegonga Gari la Mwenzake

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuamrisha uadilifu na kukataza dhuluma, iwe kubwa au iwe ndogo. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), na Aali zake, na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Enyi ndugu Waislamu, mliohudhuria hapa msikitini nanyi mnaotusikiliza majumbani. Tunakuusieni, pamoja na kuziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu (s.w.t.) kila mahali, na barabarani ni mahali. Tunasema hivi kwa sababu wako watu ambao ucha Mungu wao huishia penye viatu, mlangoni mwa msikiti. Wakishakamata usukani, haki za watu huziona kama vumbi la njia.

Khutuba yetu ya leo ni juu ya mtu aliyegonga gari la mwenzake. Kosa ni lake, na mwenyewe anajua kuwa ni lake, lakini hataki kulipa. Pengine patakuwa na atakayesema kuwa hili si jambo la mimbari, ni jambo la polisi na mafundi wa gereji. Nasi twamjibu kuwa mali za watu ni jambo la mimbari tangu Hija ya Kuaga, pale Mtume wetu (s.a.w.) alipowatangazia umati kuwa damu zao na mali zao ni vitu vitukufu visivyoguswa bila ya haki. Wala mtu asidhani kuwa maneno haya ni juu ya gari la Muislamu peke yake. Jirani asiyekuwa Muislamu, anayeishi nasi kwa amani, mali yake ni haramu kwetu vile vile.

Tulijiwa na watu wawili wanaosali msikiti mmoja. Mmoja wao ni dereva wa teksi, na teksi hiyo ndiyo shamba lake na ndiyo duka lake. Alikuwa amesimama katika foleni ya magari kwenye kivuko cha Likoni, hapa Mombasa, akingojea feri, ndipo huyu wa pili alipomjia kwa nyuma akamgonga. Bampa likapasuka, taa mbili za nyuma zikavunjika, na kifuniko cha buti kikabonyea kiasi cha kutofungika. Aliyegonga alishuka kwa adabu kubwa, akaomba radhi, akatoa nambari ya simu, na akamsihi mwenziwe asiite polisi. Alimwambia, “Sisi ni ndugu, tutayamaliza wenyewe. Lipeleke kwa fundi, kisha uniambie ni kiasi gani.” Dereva akamwamini. Fundi alipotaja shilingi 46,000, simu ikawa haipokewi. Baadaye ilipokewa, lakini maneno yalikuwa mengine: kwanza, ajali ni kadari; kisha, hakukusudia; kisha, gari lenyewe lilikuwa kuukuu. Teksi ikakaa gereji siku 11, na mwenyewe akakopa kwa shemeji yake ndipo ikatoka. Miezi minne ikapita, watu hawa wakisimama safu moja nyuma ya imamu mmoja, na sala ikiisha kila mmoja huharakisha kutoka asije akapeana mkono na mwenziwe.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, hebu tuyatazame maneno yale, kwani si ya mtu mmoja. Tumeyasikia kwa wengi.

Ama kadari, ni kweli kuwa hakuna kinachotokea ila kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini Yeye aliyekadiria kugonga ndiye aliyewajibisha kulipa. Haiwi mtu aikubali hukumu ya kwanza, kwa kuwa inampa udhuru, na kuikataa ya pili kwa kuwa inamtoa fedha. Na lau kadari ingekuwa inafuta madeni, basi pasingalibaki deni lolote duniani.

Ama kutokusudia, hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili. Kukusudia kunahusika na dhambi. Kulipa kunahusika na kilichoharibika. Tazameni katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, jinsi Mwenyezi Mungu alivyomwekea hukumu aliyeua kwa kukosea. Mtu huyo hakukusudia, lakini diya imemlazimu, ila warithi wakisamehe. Ikiwa katika roho ni hivyo, itakuwaje katika taa na bampa? Mafakihi wetu wamesema waziwazi kuwa katika kuharibu mali ya mtu, kusudi na kukosea ni sawasawa. Hata mtoto mchanga, asiyeandikiwa dhambi, akiharibu kitu cha mtu hulipiwa kutoka katika mali yake. Basi mtu mwenye ndevu na leseni mfukoni atadai udhuru ambao mtoto hakupewa?

Na katika Sahihi ya Bukhari imepokewa khabari kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) ambayo inatosha kuwa khutuba nzima. Mtume (s.a.w.) alikuwa katika nyumba ya mmoja wa wake zake, na mke wake mwengine akampelekea chakula katika bakuli kwa mkono wa mtumishi. Yule mwenye nyumba akashikwa na wivu, akaupiga mkono wa mtumishi, bakuli likaanguka na kuvunjika. Mtume hakukemea wala hakupiga kelele. Aliviokota vipande, akakikusanya chakula, na akamtolea udhuru mkewe kuwa ni wivu. Sasa sikilizeni vizuri kilichofuata: hakumwachia mtumishi aende zake. Alimzuia mpaka lilipoletwa bakuli zima kutoka katika nyumba ile ile, akampa alipeleke kwa mwenye bakuli, na lile lililovunjika likabaki kwa aliyevunja.

Angalieni, ndugu zetu. Udhuru ulikubaliwa, na bakuli likalipwa. La kwanza halikulizuia la pili. Wala hakukusemwa kesho, wala mwisho wa mwezi. Mjumbe aliondoka na haki mkononi. Huyo aliyeombwa radhi pale Likoni alirudi nyumbani na radhi tupu.

Katika Suratul-Anbiyaa, aya ya 78 na 79, imetajwa kesi ya mbuzi na kondoo walioingia usiku katika shamba la watu wakalila. Wafasiri wamesimulia kuwa Nabii Daud (a.s.) aliamua mwenye shamba apewe wanyama wale. Nabii Suleiman (a.s.) akaona njia nyengine: wanyama wakae kwa mwenye shamba ajinufaishe kwa maziwa na sufi yao, na mwenye wanyama alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe chake. Hili la kurudi kama lilivyokuwa ndilo kipimo chetu. Haki ya aliyeharibiwa haipungui hapo, wala haizidi.

Wala asiseme mtu kuwa hizo ni khabari za mabakuli na kondoo, na magari hayakuwako. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilikutana Bandar Seri Begawan, Brunei, mwezi wa Juni 1993, na wanazuoni wakatoa uamuzi wao nambari 71 juu ya ajali za barabarani. Walisema kuwa dereva anadhamini madhara anayowafikishia watu kwa gari lake, katika miili yao na katika mali zao, hata ikiwa amekosea tu. Hasalimiki ila ikiwa ni jambo la nguvu asiloweza kulizuia wala kujikinga nalo, au kitendo cha aliyedhurika mwenyewe ndicho kilicholeta ajali, au mtu mwengine ndiye mwenye kosa. Na ikiwa wote wawili wamekosea, basi kila mmoja hubeba sehemu yake. Vile vile walisema kuwa sheria za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu kuzifuata. Basi anayepita penye taa nyekundu asidhani kuwa anamuasi askari peke yake.

Tuje kwenye ukuukuu wa gari. Hapa aliyegonga alikuwa na chembe ya haki, nasi hatukumnyima. Fundi alikuwa ameandika taa mpya na bampa jipya, na zaidi ya hayo kupiga rangi mlango wa mbele, ambao haukuguswa kamwe! Tulipouliza, ilidhihirika kuwa mlango ule ulikwaruzwa zamani. Tukauondoa katika hesabu, zikabaki shilingi 39,000. Anayetumia ajali kulipamba gari lake kwa mali ya mwenzake naye pia ni dhalimu, na mafundi wanaowasaidia watu kuandika hesabu za namna hii wajue kuwa wana fungu lao katika dhambi hiyo. Lakini gari kuukuu si gari lisilo na mwenyewe. Taa iliyokuwa ikiwaka, ikivunjwa, hulipwa taa yenye kuwaka.

Dereva alitaka pia alipwe siku zile 11 alizokaa bila kazi. Juu ya hili wanazuoni wamekhitalifiana, na wengi wa mafakihi wa kale hawamlazimishi aliyeharibu kulipa faida ambayo bado haijapatikana. Sisi hatukumhukumia. Tulimwambia tu yule wa pili kuwa miezi minne ya kukimbia simu si katika khitilafu za wanazuoni.

Kwani kuchelewesha malipo, hali ya kuwa mtu anao uwezo, Mtume (s.a.w.) amekuita dhuluma. Ama aliye na dhiki ya kweli, hukumu yake ni nyengine. Suratul-Baqara, aya ya 280, inaamrisha angojewe mpaka apate wepesi. Lakini mwenye dhiki huja mwenyewe, husema hali yake, na huandika atalipa nini na lini. Hazimi simu. Wala hanunui simu mpya.

Na ajue kuwa deni la namna hii, akifa kabla ya kulilipa, hutolewa katika mali yake kabla ya warithi kugawana chochote. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni la dinari chache akajizuia kumsalia, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake.

Lipo jambo jengine: bima. Wengi hudhani kuwa kibandiko cha bima kwenye kioo kinatosheleza kila kitu. Sheria ya Kenya inalazimisha bima kwa ajili ya kifo na majeraha ya watu wengine. Ama uharibifu wa gari la mwenzako, hilo hutegemea mkataba wako na kampuni. Usome mkataba huo kabla ya siku ya ajali. Na ikiwa unalipia hilo, basi kuificha ajali kwa kampuni, au kumficha uliyemgonga jina la kampuni, kwa kuogopa kuwa mwakani utatozwa zaidi, ni khiyana. Vile vile aliyekwisha kulipwa na bima kwa hasara yake asimwendee dereva kutaka alipwe hasara ile ile mara ya pili. Wanazuoni wa Baraza lile lile walikataza bima ya biashara mwaka 1985 na wakaonyesha ile ya kusaidiana. Lakini sheria inapokulazimisha, na mwenzako ana haki kupitia humo, usimzibie njia.

Sasa twasema na aliyegongwa. Undugu haukatazi maandishi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur’ani, nayo ni ya 282 katika Suratul-Baqara, imekuja kuamrisha kuandika madeni. Basi andika nambari ya gari, jina na anwani, piga picha, tafuta mashahidi. Sheria ya nchi inamtaka dereva asimame na atoe khabari zake kwa anayestahiki kuzitaka. Asipofanya hivyo, inampasa apige ripoti polisi haraka iwezekanavyo na isizidi saa 24. Nenda nawe kituoni ukachukue ile hati iitwayo abstrakti. Anayekusihi usiende, mwambie kwa upole akuandikie ahadi yake hapo hapo mbele ya watu wawili.

Akikataa kulipa, atumiwe wazee. Na wakishindwa, kwenda mahakamani si kuuvunja undugu. Watu hutuuliza kwa nini Kadhi asilihukumu jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa Kadhi ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu binafsi, basi. Lakini iko Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na uharibifu wa mali ni miongoni mwa madai hayo. Mtu aweza kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iishe katika siku 60. Ila usilale: madai ya namna hii yana muda wa miaka 3 tangu ajali, na wako wadaiwa wanaoujua muda huo kuliko wanavyojua nyakati za sala.

Wala usimtukane, wala usieneze picha yake na ya watoto wake katika makundi ya simu. Imam Nawawi ameruhusu aliyedhulumiwa ataje dhuluma aliyotendewa kwa yule awezaye kumtolea haki. Hakuruhusu kumtangaza kwa kila mwenye masikio. Na ukitaka kusamehe yote au baadhi, hiyo ni sadaka yako, na ni kubwa. Lakini ni wewe wa kuitoa. Mdaiwa hana haki ya kujisamehe mwenyewe, wala sisi maimamu hatuna haki ya kukulazimisha usamehe ili msikiti utulie.

Wale wawili waliandikiana malipo mara tatu, na mbili zimekwisha kulipwa. Ya tatu ni mwisho wa mwezi huu, na aliyegonga anatusikiliza.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamuomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi nanyi na Waislamu wote.