Upasuaji wa kupunguza uzito: upi unakufaa?

Msikilizaji, tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ianze kuwawekea puto tumboni wenye unene uliokithiri, wengi huuliza jambo moja tu: njia ipi inapunguza haraka? Swali hilo halitoshi.

Puto si upasuaji. Huingizwa kwa mdomo, hutolewa baada ya miezi kadhaa, na asiyebadili mlo hunenepa tena.

Kwenye kisu kuna njia kuu mbili. Ya kwanza hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula. Kilichokatwa hakirudi, na baadhi ya wagonjwa huanza kusumbuliwa na kiungulia. Ya pili hubakiza kifuko cha ukubwa wa yai la kuku, kikaunganishwa na utumbo mwembamba. Hii mara nyingi humfaa zaidi mwenye kisukari cha aina ya pili au kiungulia sugu. Zote hudai vitamini maisha yote, ila hii ya pili hudai zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, mweleze daktari magonjwa yako yote. Na kama huna hakika utahudhuria kliniki kwa miaka ijayo, usisaini fomu ya ridhaa.