Kamera ya kwanza inaposhindwa na giza la ukumbi

Mwaka 2003 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa kamera yake ya EOS 300D kwa bei isiyofika dola 1,000 za Marekani, na kamera ya dijitali ya kubadilisha lenzi ikaacha kuwa chombo cha wapiga picha wa magazeti pekee. Nikon walifuata na D70 mwaka 2004, kisha D40 mwaka 2006. Tangu hapo Waswahili wengi walioko ughaibuni, kuanzia Muscat hadi Minneapolis, wameanzia kwenye kamera za daraja hilo. Kwanza huwa ni picha za watoto, baadaye harusi ya binamu, na hatimaye harusi ya mtu baki ambaye analipa.

Malipo hayo ndiyo yanayobadilisha mambo. Picha za harusi ya ndugu zikiharibika, jamaa watanung'unika na kusahau. Mteja aliyelipa hawezi kurudia nikaha yake. Basi mpiga picha hutazama picha zake za ukumbini, akaona nyuso zilizofifia na mikono iliyotetereka, naye huamua kwamba kamera imemshinda. Huchukua akiba, pengine ile iliyokusudiwa kutumwa nyumbani, akaenda dukani.

Dukani huulizwa anataka megapikseli ngapi. Swali hilo humfaa zaidi muuzaji. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji takriban megapikseli 9 tu, na hata kamera ndogo ya Nikon D3500 ya mwaka 2018 ina 24.

Mara nyingi mkosaji ni lenzi iliyokuja ndani ya boksi. Lenzi hiyo ya milimita 18 hadi 55, ikivutwa hadi mwisho, hufungua tundu lake kwa kipimo cha 5.6, na kipimo kikiwa kikubwa tundu huwa dogo. Lenzi ya milimita 50 yenye kipimo cha 1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Palipohitaji sehemu ya 15 ya sekunde, ambapo kila anayepiga kofi hugeuka ukungu, sasa sehemu ya 125 inatosha. Ina gharama yake, lakini: tundu likifunguliwa lote, jicho la bibi harusi litakuwa kali na bwana harusi aliyekaa nusu hatua nyuma yake atafifia. Wenye Nikon D40, au zile za mfululizo wa D3000 na D5000, wajihadhari pia. Kamera hizo hazina mota ya kulengea ndani yake, kwa hiyo lenzi ya zamani isiyo na mota yake yenyewe italazimu kulengwa kwa mkono.

Kuna kasoro ambayo kamera ya bei ghali haiiponyi. Chombo cha kupima mwanga hudhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Kikielekezwa kwenye kanzu na shela nyeupe, hupunguza mwanga, na nyuso nyeusi huzama gizani. Dawa yake ni kuongeza kipimo kwa mkono na kuhifadhi faili ghafi, na kazi hiyo hata kamera ya kwanza inaiweza. Flashi ya kupachika juu, ikielekezwa kwenye dari jeupe, nayo husaidia kuliko bodi mpya.

Hata hivyo, ipo siku bodi yenyewe haitoshi. Sababu nzito kuliko zote haihusu uzuri wa picha: kamera za kuanzia zina nafasi moja ya kadi ya kumbukumbu. Kadi ikifa, harusi imepotea. Nikon D750 ya mwaka 2014 na Canon 5D Mark III ya mwaka 2012 zina nafasi mbili, hivyo kila picha huandikwa mara mbili. Isitoshe, kihisi chao cha milimita 36 kwa 24 kina eneo zaidi ya mara mbili ya kile cha kamera ndogo, na gizani tofauti huonekana. Lakini lenzi za Canon za aina ya EF-S hazifungiki kabisa kwenye 5D. Za Nikon za aina ya DX hufungika kwenye D750, ila picha hukatwa hadi kubaki megapikseli 10 hivi. Anayepanda daraja hilo apige hesabu ya lenzi pia.

Kisha kuna suala la zama. Mwaka 2018 Canon na Nikon zilianzisha mifumo ya kamera kubwa zisizo na kioo ndani, EOS R na Z, na nguvu zao zimehamia huko. Kamera hizo hupiga picha bila mlio wowote, jambo linalostahiki msikitini wakati wa kuozesha. Ubaya ni kwamba chini ya taa za LED za ukumbini upigaji huo wa kimya unaweza kuacha mistari pichani. Kwa kiunganishi maalumu lenzi nyingi za zamani zinaendelea kufanya kazi. Anayenunua kipya, na hasa anayeombwa video, aelekee huko. Mwenye fedha kidogo atanufaika na wimbi hilo kwa upande mwingine, maana kamera nzuri za kioo zimejaa kwenye soko la mitumba.

Mtumba hukaguliwa. Ulizia idadi ya picha zilizokwisha kupigwa, ukijua kuwa shata ya D750 ilipimwa kwa mara 150,000. Funga tundu hadi 16, piga ukuta mweupe, kuza picha na utafute madoa. Jaribu nafasi zote mbili za kadi kwa kadi zako mwenyewe, papo hapo, kabla ya kutoa fedha.