Picha Mbili za Waliouawa na Serikali
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama wa reli, Tena)

Tuliombwa tuzungumze juu ya picha, nasi tumechagua mbili.

Ya kwanza ni ya Mfaransa, Edouard Manet. Maximilian aliwekwa na Ufaransa awe mfalme wa Meksiko, kisha Ufaransa ikaondoa majeshi yake ikamwacha; mwaka 1867 Wameksiko wakampiga risasi. Manet akachora mauaji hayo juu ya jiwe la kupigia chapa, na wale askari akawavika nguo za kufanana na za Wafaransa. Serikali yake ikaelewa, ikakataza isichapwe. Ilitoka mwaka 1884, mchoraji amekwisha kufa. Sisi tunaozungusha mashine ya stensili twajua mambo hayo: asiyetaka habari ienee huanzia kwa mpiga chapa.

Ya pili ni ya kwetu, na hii serikali iliichapa yenyewe. Dedan Kimathi alipigwa risasi ya paja akakamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956. Akapigwa picha amelala, pingu mikononi, nywele ndefu zimesokotana. Wakoloni wakaitia katika vikaratasi kwa maelfu, wakavigawa ili watu waone kwamba mambo ya msituni yamekwisha. Mwezi wa Novemba akahukumiwa Nyeri kwa kosa la kuwa na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Miaka ile ya Hali ya Hatari walinyongwa watu zaidi ya 1,000, na wengi wao hatuna hata sura zao.

Basi tazameni. Picha ile ile leo imo katika matatu na fulana, vijana waivaa kwa fahari. Aliyeichapa hakukusudia hivyo! Tangu mwaka 2007 iko sanamu katika barabara ya Kimathi mjini, ameshika bunduki, hana pingu. Ni nzuri, lakini kwetu sisi ile ya pingu ina nguvu zaidi.

Kaburi halijaonyeshwa. Mjane wake, Mukami, aliomba mifupa miaka mingi, akafa mwaka 2023 bila kuipata. Mwenzetu wa reli akifia safarini, jambo la kwanza tunalodai ni maiti ifike kwao, ndipo tuseme habari za fidia. Kwa hiyo twaomba tawi hili liandike kwa serikali kwamba vitabu vya maziko vya gereza vifunguliwe. Barua iko tayari, itasomwa sasa. Walio nyuma wasogee, picha zitapitishwa kwa mikono.