Juu ya Supachaja ya Umeme: Maneno kwa Makanika



Siku hizi wenye motokaa hutuletea feni ndogo ya umeme wakisema ni supachaja, tuifunge katika bomba la hewa gari lipate nguvu. Kabla ya kushika spana, pigeni hesabu. Injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hewa kama lita 100 kila sekunde. Feni ile haiwezi kuifuata, basi inaziba njia tu.

Supachaja ya umeme ya kweli ipo. Audi waliitia katika SQ7 mwaka 2016, nayo hula wati 7,000 kwa volti 48. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea zipatazo 580! Waya gani utachukua?

Mimi nilifunga feni moja, nyuma ya chujio. Bawa likakatika, likamezwa na injini. Tajiri alikata mshahara wangu, si wa muuzaji.

Kwa hiyo mteja akishikilia, aandike kwa mkono wake kwamba amekataa shauri lenu, na nakala mpeni karani wa tawi siku ile ile.