Kabla ya Kulipia Nyumba: Yatazame Yasiyoonekana



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua nyumba ya kununua kwa ajili ya familia. Nitaanza na nyumba ya baba yangu mdogo. Aliinunua mwezi wa Agosti, pembezoni mwa Temeke, kwa fedha za kiinua mgongo chake. Sakafu ilikuwa ya vigae, madirisha ya alumini, na rangi ilikuwa bado inanukia. Masika iliyofuata maji yaliingia sebuleni hadi kiunoni. Hapo ndipo alipoutazama ukuta wa jirani, ambao haukupakwa rangi kwa miaka mingi, akaona mstari wa tope uliokuwa sawasawa na kimo cha maji nyumbani mwake. Hadi leo, kila Machi inapowadia, magodoro ya nyumba ile hupandishwa juu ya matofali.

Baba mdogo si mtu mzembe. Alikagua kila kilichoonekana. Lakini vigae, rangi na dari ni sehemu ndogo ya kile anachokilipia mnunuzi. Unanunua pia ardhi iliyo chini ya nyumba, haki ya kuimiliki, na ridhaa ya watu wanaohusika nayo. Mambo hayo matatu hayaonekani sebuleni, na kasoro yake haiondolewi na fundi.

Kwanza, ardhi. Wengi wetu tunayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kusomba mali katika Bonde la Msimbazi, hata Serikali ikawahamishia baadhi ya wakazi Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Kwa hiyo, ukioneshwa nyumba karibu na Kizinga, Mzinga, Mbezi au Tegeta, pima umbali huo kabla hujauliza bei. Rudi tena siku ya mvua. Ikiwa ni kiangazi, tazama kuta za majirani kama nilivyoeleza, kisha waulize wapangaji na wenye maduka ya jirani maji hufika wapi. Dalali hulipwa nyumba ikiuzwa. Jirani hana anachopata kwa kukuficha.

Barabara nazo zina mipaka yake. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Hifadhi ya kawaida ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, lakini pale ilihesabiwa mita 121.5. Aliyenunua kwa kukisia alikisia vibaya. Waulize TANROADS kwa barabara kuu, na TARURA kwa barabara za mitaa. Katika ofisi ya mipango miji ya manispaa, uliza eneo hilo limepangiwa matumizi gani.

Pili, haki ya kumiliki. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Anachokuuzia mtu ni haki ya kuitumia kwa muda uliowekwa, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Soma hati uone imebaki miaka mingapi, na uombe stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kisha chukua namba ya hati na ya kiwanja, ukaombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonesha jina la mmiliki, na kama nyumba imewekwa rehani benki au ina zuio. Ada yake ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya nyumba.

Sehemu kubwa ya mitaa yetu haikupimwa. Huko utakuta leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na huthibitishwa manispaa, au utaoneshwa tu mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule ni ushahidi kwamba mliuziana. Si hati miliki. Ukinunua kwa karatasi hiyo, majirani wa pande zote nne na waoneshe mipaka mbele yako na kutia saini.

Tatu, ridhaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila idhini ya mwenzake. Muuzaji akisema, "Mke wangu yuko kijijini, hana neno," msubiri mke huyo aje aseme mwenyewe na atie saini. Kwa nyumba ya marehemu, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mtoto mkubwa ndiye anayeshika funguo.

Yakithibitika hayo, ndipo muulizane mambo ya familia. Safirini kutoka pale hadi kazini na shuleni alfajiri ya siku ya kazi, mkihesabu nauli ya kila mtu kwa mwezi. Fungueni bomba, na muulize maji hutoka siku ngapi kwa wiki.

Malipo nayo yafanywe baada ya wakili wenu kuusoma mkataba, yapitie benki kwenda katika akaunti ya mwenye jina lililo kwenye hati, kisha uhamisho ukasajiliwe.

Mtaambiwa kwamba yupo mteja mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu. Mwacheni aje. Mwenda pole hajikwai. Baba mdogo naye aliambiwa hivyo hivyo, akalipa siku ile ile. Jirani mwenye ukuta wa tope alikuwapo nyumbani tangu asubuhi. Hakuna aliyebisha hodi kumuuliza.