Kabla ya Kulipia Gia za Haraka
Mada iliyowasilishwa kwa wamiliki wa magari ya biashara



Nimeombwa nizungumzie huduma inayouzwa katika baadhi ya gereji zetu: kurekebisha giaboksi ya otomatiki ili gia zibadilike upesi. Nitaanza na kisa cha mjomba wangu. Ameniruhusu nikisimulie, ila amenikataza kutaja alilipa shilingi ngapi.

Mjomba hukodisha mahema na viti vya sherehe. Alinunua pikapu ya otomatiki ya petroli ambayo mmiliki wa awali alikuwa ameifunga supachaja. Nguvu ilikuwepo, lakini yeye aliona gia zinachelewa. Gereji moja ikamwahidi kwamba kwa nusu siku ya kazi ya kompyuta gia zitabadilika kama risasi. Wakati huohuo wakamshauri aweke puli ndogo zaidi kwenye supachaja ili injini ipate hewa nyingi. Alirudi nyumbani kwa furaha. Wiki chache baadaye, akipanda mlima Kitonga na mzigo, injini ikanguruma ilhali gari halisogei ipasavyo, kisha harufu ya kuungua ikajaa. Harusi ya watu kule Iringa ikakosa mahema. Alipokwenda kudai, akajibiwa: "Mzee, sisi tulikuuzia programu, hatukukuuzia giaboksi." Mkononi hakuwa na karatasi hata moja.

Ili tuelewe kilichomfika, hatuna budi kuingia kidogo ndani ya giaboksi. Humo mna mafungu ya sahani za klachi yanayobanwa kwa shinikizo la oili, au presha kama wasemavyo mafundi. Fungu moja linapoachia, jingine hushika, mfano wa wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Katika sehemu ndogo ya sekunde, sahani zinazoshika huteleza kidogo kabla ya kukaza. Mtengenezaji huruhusu mtelezo huo kwa makusudi ili abiria asitikiswe. Lakini mtelezo ni msuguano, na msuguano huzaa joto. Kwa hiyo gia inayoshika upesi, kwa shinikizo la kutosha, huweza hata kuzipunguzia sahani joto. Nalisema hili mapema kwa kuwa sisi wa taasisi za udhibiti tuna tabia ya kukemea tusichokizoea. Huduma yenyewe si ulaghai.

Shauri zima limo katika maneno hayo, shinikizo la kutosha. Kwa kawaida kompyuta ya gari haipimi moja kwa moja torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inayoingia katika giaboksi. Huikadiria kutokana na hewa inayoingia kwenye injini, mizunguko ya injini na vipimo vingine, kisha huamuru shinikizo linalolingana na makadirio hayo. Supachaja huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, tofauti na tabochaja inayozungushwa na moshi wa ekzosi. Ndiyo maana hewa ya ziada hufika mara tu dereva anapokanyaga, hata injini ikiwa katika mizunguko ya chini. Ukiweka puli ndogo, supachaja huzunguka kwa kasi zaidi na torki huongezeka. Ikiwa hesabu za kompyuta hazikusahihishwa, giaboksi hujiandaa kwa mzigo wa jana ilhali mzigo unaoingia ni wa leo. Sahani huteleza kwa muda mrefu kuliko zamani. Fundi akifupisha muda wa kubadili gia katika programu bila kuongeza shinikizo, ameandika amri ambayo oili haiwezi kuitekeleza. Hicho ndicho kilichoziunguza sahani za mjomba.

Watengenezaji hawalichukulii jambo hili kwa wepesi. Ford walipouza Marekani pikapu ya F-150 Lightning yenye supachaja, modeli za 1999 hadi 2004, waliipa giaboksi ya gia nne iitwayo 4R100, ya aina waliyoitumia pia katika magari yao mazito ya Super Duty. Injini yake ya lita 5.4 ilifikia nguvu za farasi 380 kuanzia modeli ya 2001.

Upo pia upande wa pili, nao huwapendeza wateja. Shinikizo likizidi mno, kila gia hupiga teke, na teke hilo hupokewa na shafti, meno ya gia na viungo vya propela. Fundi hodari huipunguza torki ya injini kwa muda mfupi sana gia zinapopokezana, kwa kuchelewesha cheche za plagi, kisha huirudisha. Wapo wanaoondoa upunguzaji huo ili mteja ausikie mgongoni mabadiliko aliyoyalipia. Mshtuko si kasi, ila ndio unaouzika kwa urahisi.

Sasa, unapofika gereji, omba oili ya giaboksi ikaguliwe kabla kompyuta haijaunganishwa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani zimekwisha kuumia, na programu haiponyi sahani. Omba nakala ya programu ya awali ya gari lako, ibaki mikononi mwako. Kisha dai maandishi: nini kimebadilishwa, kwa gia zipi, kama shinikizo limerekebishwa kulingana na torki mpya, na nani atawajibika giaboksi ikiharibika kwa sababu ya kazi hiyo. Jaribio la barabarani lifanywe gari likiwa na mzigo wako wa kawaida, huku joto la oili likisomwa kwenye kifaa. Gari likiwa bado na dhamana ya muuzaji, muulize kwa maandishi kwanza, maana anaweza kukataa kugharimia uharibifu uliosababishwa na marekebisho hayo.

Na risiti ya kielektroniki, tafadhali. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, lakini anayepokea lalamiko lako atakuuliza kwanza uliahidiwa nini, na ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha.

Mjomba alirudisha puli ya zamani, akafungiwa sahani mpya na kipoza oili kikubwa. Fundi wa safari hii aliongeza shinikizo kidogo kwa gia ya pili na ya tatu tu, akaandika hivyo kwenye ankara. Gia hubadilika upesi kuliko awali, ingawa si kama risasi.

Nipo tayari kupokea maswali yenu.